Omnis si "-ote" tu: kwa mnaoanza Kilatini

Kamusi itakuambia omnis ni "-ote". Ni kweli, ila nusu. Kivumishi chetu cha pekee -ote kina kazi mbili ambazo Kilatini huzigawa: nyumba yote ni tota domus, nyumba zote ni omnes domus. Tazama vizuri: nyumba imebaki nyumba, domus imebaki domus, kivumishi ndicho kinachosema ni moja au nyingi. Kwa hiyo jiulize kwanza: ni kitu kimoja kizima, au ni vingi bila kubakiza? Kizima, tumia totus. Vingi, omnes. Omnis ya umoja mara nyingi ni "kila": omnis homo, kila mtu. Mara nyingi, si siku zote. Caesar, jemadari wa Roma, akisema Gallia omnis ana maana ya Galia nzima.

Kwenye maumbo, omnis ni ya kiume na kike, omne ni ya neutra (jinsia isiyo ya kiume wala ya kike). Wengi huteleza kwenye ablativu ya umoja (umbo linalofuata in, "katika"). Wanaona urbs (mji) inatoa urbe, wanaandika "in omne urbe". Sahihi ni in omni urbe. Omne hutokea kwenye nominativu (kiima), vokativu (ya kuita) na akusativu (yambwa) ya umoja wa neutra, basi. Vivumishi vya kundi la omnis hushikilia i: omni, omnia (wingi wa neutra, si "omna"), omnium ("ya wote", si "omnum"). Anayeimba Credo (Nasadiki) ya Kilatini tayari anazo mbili mdomoni: visibilium omnium, ante omnia saecula.

Dativu ya wingi ni omnibus, "kwa wote". Wafaransa waliliita hivyo gari la abiria, Waingereza wakabakiza bus, sisi tukapata basi. Yaani unapanda kiishio cha dativu!

Bila nomino, omnes ni watu wote na omnia ni vitu vyote. Lakini omnium na omnibus hazionyeshi ni watu au vitu, ndiyo maana kwa vitu ni salama zaidi kuandika omnium rerum (ya vitu vyote), omnibus rebus (kwa vitu vyote).

Mtego mbaya kuliko yote ni ukanushi. "Wote hawakuja" kwetu kwa kawaida ni kwamba hakuna aliyekuja. Ukiitafsiri non omnes venerunt, umesema si wote waliokuja: baadhi walifika. Unachotaka ni nemo venit, na kitenzi kirudi umoja.