Maswali na majibu: Grant kijana na Julia Dent

Herufi S katika Ulysses S. Grant, jenerali na rais wa Marekani wa baadaye, ni kifupi cha nini?

Si kifupi cha chochote. Nimeshajibu hili, na bado mnalileta. Alizaliwa Ohio mwaka 1822, akaitwa Hiram Ulysses. Mbunge aliyempendekeza kwenda chuo cha kijeshi cha West Point alikosea jina, likabaki hivyo. Someni majibu ya nyuma kwanza.

Ni kweli alishika mkia darasani?

Hapana. Mwaka 1843 alimaliza wa 21 kati ya 39, na kwa kupanda farasi hakuwa na mpinzani.

Alimpataje mkewe, Julia?

Kupitia kaka yake, Fred Dent, aliyekaa naye chumba kimoja West Point. Grant alipopangiwa kambi ya jeshi ya Jefferson Barracks, karibu na St. Louis, White Haven, shamba la akina Dent, halikuwa mbali kwa farasi. Mwaka 1844 alivuka kijito kilichofurika, akafika amelowa chapachapa, akamposa. Baba mtu hakumtaka luteni wa mshahara mdogo. Kisha vikaja vita vya Mexico. Katika uchumba wa miaka 4 walionana mara moja tu. Walioana tarehe 22 Agosti 1848.

Wengi mnaniandikia kusifu subira ile, nayo inastahili sifa. Lakini White Haven iliendeshwa kwa jasho la watumwa, na Julia alilelewa akihudumiwa nao. Wazazi wa Grant, waliochukia utumwa, hawakukanyaga harusini. Grant mwenyewe alimmiliki mtu mmoja, William Jones, akamwandikia hati ya uhuru mwaka 1859, wakati yeye mwenyewe ana dhiki ya fedha. Anayesimulia mapenzi haya bila kuwataja watu hao anapotosha.

Alifukuzwa jeshini kwa ulevi?

Alijiuzulu Aprili 1854, akiwa kapteni huko Fort Humboldt, California. Uvumi wa pombe ulikuwepo, ila ninyi mnaung'ang'ania huo peke yake. Mwaka 1852 alimwacha Julia akikaribia kujifungua, akavuka Panama na kikosi kuelekea California huku kipindupindu kikiwamaliza wenzake. Mtoto wake wa pili alitimiza miaka 2 bila kumwona baba, na mshahara haukutosha kuwaita. Upweke ule ulimvunja. Enyi mnaochumbiwa na wanajeshi, ulizeni habari za makazi ya familia kabla ya kuuliza cheo.

Longstreet, jenerali wa Kusini baadaye katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alimsimamia harusini?

Alihudhuria. Kuhusu usimamizi, wanahistoria wanabishana, kwa hiyo msiuandike kama jambo lililothibitishwa.