Ulizia Fundi: Pini ya kranki imeganda

SWALI: Fundi, shikamoo. Baiskeli yangu ni ile mamba ya mizigo. Mkono wa pedeli wa kushoto unacheza, nami nataka kubadilisha pini inayoubana kwenye ekseli. Haitoki! Nimeigonga tangu asubuhi mpaka ncha imeanza kuchanua. Nitaitoaje bila kuharibu ekseli? – Msomaji, Likoni

JIBU: Marahaba. Weka nyundo chini kwanza. Hiyo ncha iliyochanua ndiyo inayokuzuia sasa, maana haiwezi tena kupita kwenye tundu lake. Mapigo madogo madogo hayasukumi pini, yanaiponda tu.

Zungusha mkono ulale sawa na ardhi, upande wa nati ukitazama juu. Pini hutoka kwa kupigwa upande huo wa hesi, yaani mikato inayoshika nati. Ukipiga kichwa kinene unazidi kuikaza, kwani imechongwa bapa kwa mteremko. Chukua tupa, ulainishe ile ncha mpaka irudi unene wake. Kisha tia mafuta ya kulegeza kutu juu na chini, uiache usiku kucha. Huku kwetu hewa ya chumvi hugandisha chuma na chuma, kwa hiyo saa moja haitoshi.

Kesho yake tafuta kipande cha bomba la maji la inchi 3/4. Pima kutoka sakafuni hadi chini ya mkono, pale kichwa cha pini kilipo, ulikate refu kuzidi kipimo hicho kwa nusu sentimita. Lisimamishe juu ya saruji, kichwa cha pini kikiwa ndani ya tundu la bomba, uzito wa baiskeli ulilalie bomba. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: bila egemeo, pigo lote huenda kwenye gololi za ekseli, nazo huchimba vikombe vinavyozibeba. Baadaye pedeli inakwaruza, na mtu analaumu grisi.

Kama hesi bado nzima, rudisha nati mpaka ilingane na ncha, ikinge hesi. Piga kwa nyundo ya kilo moja, pigo moja zito lililonyooka. Likishindikana, pasha moto mkono wenyewe, si pini, ndipo upige tena. Rangi itaungua hapo, ujue mapema.

Ikikataa kabisa, ikate kwa msumeno wa chuma ilingane na mkono, toboa katikati yake kwa biti ya milimita 5 au 6, kisha isukume kwa tindo butu. Biti isiguse ekseli: pini ni bei ya chai, ekseli siyo.

Dukani nenda na ya zamani mkononi. Zipo za milimita 9 na za 9.5, na kwa macho hazitofautiani. Mpya igongwe ikae ndipo nati ikazwe. Nati haivuti pini, inaishikilia tu. Mikono ikilala, nati moja itazame juu na ya pili chini, la sivyo pedeli hazitanyooka mstari mmoja. Ukishaendesha kama kilomita 20, igonge na kuikaza tena.

SWALI: Pedeli ya kushoto haifunguki hata kwa spana ndefu. – Msomaji, Kongowea

JIBU: Unaikaza. Hesi ya kushoto ni ya kinyume: ifungue kwa kuzungusha mwendo wa saa, kwa spana nyembamba ya milimita 15.