Nani kahesabu? Kwa mnaoanza kusoma historia za vita

Wadogo zangu mlioingia mwaka wa kwanza, mi asaimenti yangu ya kwanza ilikuwa Majimaji, vile vita vya 1905 hadi 1907 vya watu wa kusini mwa Tanzania dhidi ya Wajerumani waliowatawala, nikaenda maktaba nikakuta wamekufa Waafrika 75,000, nikaibandika ile namba kama imeshuka toka mbinguni. Mwalimu akaizungushia kalamu nyekundu akaandika "nani kahesabu?" basi, hamna kingine.

Nikarudi kuangalia. Kumbe ni makisio ya Wajerumani, na upande wao wamehesabu kichwa kwa kichwa: Wazungu 15, askari 73, wasaidizi 316. Halafu kwa waliouliwa zinakuja elfu nzima nzima tu, yaani huku mtu ana jina, kule ni debe la mahindi. Hiyo peke yake inakwambia daftari lilikuwa mkononi mwa nani.

Cheki na majina pia, wao waliandika maasi, sisi tunasema vita, ukichukua neno moja bila kufikiria ushachagua upande.

Sasa kosa linalofuata, nalo nililifanya, ni kumtupa mtu kwa sababu ana upande wake. Götzen, gavana wa Wajerumani wakati wa vita hivyo, alitoa kitabu 1909, ameshaachia ugavana, na humo lawama kubwa anawatupia waganga na ile dawa ya maji, iliyosemekana inageuza risasi kuwa maji. Lazima aseme hivyo, maana akikubali kwamba watu walichoshwa na pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko, kesi inamrudia yeye. Lakini msome tu! Maandishi ya wakubwa yana vitu wameviacha bila kujua. Kuna afisa wa Kijerumani aliandika 1905, vita bado vinaendelea, kwamba risasi peke yake hazitoshi, njaa ndo itawafanya watu wasalimu amri. Yule hakuwa anaungama jamani, alikuwa anapendekeza, alikuwa anawaandikia wakubwa wake na kwake ile ni akili nzuri ya kazi, ndo maana hakuificha, na leo ndo ushahidi mzito kwamba kuchoma mashamba na maghala haikuwa bahati mbaya. Kwa hiyo kabla ya kuuliza huyu anadanganya au la, uliza alikuwa anamwandikia nani.

Na msidhani upande wetu umepona (hapa wengi hununa). Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilituma watu kwenda kuwahoji wazee, kazi ya dhahabu kabisa, bila ile tungebaki na sauti ya Mjerumani tu. Ila uhuru ulikuwa na miaka 7, nchi inatafuta umoja, na mzee anakumbuka mambo ya miaka 60 nyuma, hivyo ile stori ya makabila kuungana kwa maji ya Kinjikitile, yule mganga aliyeigawa ile dawa, ilipata kiti cha mbele, na viongozi wa Kihehe waliosimama na Mjerumani, tena baada ya kichapo walichopewa na Wajerumani enzi za chifu wao Mkwawa, wakabaki mlangoni. Kwa nini walisimama kule? Hilo swali ni tamu kuliko yote na huwa halitoki kwenye mtihani.

Ile asaimenti niliirudia. Nikaweka 75,000 ya Wajerumani, pembeni 250,000 hadi 300,000 ya mwanahistoria Gwassa, anayehesabu na waliokufa kwa njaa, nikaeleza kila moja imetokea wapi. Safari hii kalamu nyekundu ilienda kwenye spelling tu.