Kwa Unayeanza Kuchora Nyuso za Waliokosa Kipande

Picha yangu ya kwanza ya bibi wa Kimakonde niliiharibu kwa nia njema. Ilikuwa Kwale, Pwani ya Kenya, mwaka 2017, miezi michache baada ya Wamakonde kuanza kupewa vitambulisho. Bibi alikaa mlangoni pake, kitambulisho, au kipande kama tunavyokiita, amekishika kifuani kwa mikono miwili. Mimi nikaona kile kiplastiki kinanivurugia kazi. Nilikuwa nimefuata asili: chale za usoni, tundu la ndonya, lile pambo la mdomo wa juu, leso ya mabegani. Nikamchora mikono mitupu. Nilipompelekea picha aliitazama kimya, kisha akauliza, "Na kipande changu umekipeleka wapi, mjukuu wangu?"

Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo, mtu hushika anachotaka kushika, na mimi ndiye ninayehangaika na mpangilio wa picha.

Wewe unayeanza, jifunze kwanza kipande kilimgharimu nini. Wazee wa Wamakonde wa Kenya walitoka Msumbiji enzi za Mreno, wakaja kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa. Wengine wakaja baadaye, wakikimbia vita vya ukombozi vilivyoanza 1964. Kenya ilipopata uhuru wao hawakuandikishwa, na watoto wao na wajukuu waliozaliwa hapahapa wakarithi hali hiyohiyo. Bila kipande huwezi kusajili laini ya simu, hufungui akaunti ya benki, huajiriwi kazi ya maana. Wapo waliosoma kwa majina ya majirani. Oktoba 2016 waliondoka Kwale kwa miguu kwenda Ikulu ya Nairobi kudai haki yao, na hatimaye wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Jamii nyingine zilizokuwa hazina uraia zikafuata: Washona walipata vyeti vya uraia 2021, Wapemba wakatambuliwa 2023.

Hapo utaelewa ile mikono miwili kifuani. Babu zetu walilazimishwa na mkoloni kuvaa kipande shingoni ndani ya kikebe kama kengele ya mbuzi, wakakichukia. Bibi huyu alikaa karibu miaka yote ya uhuru akikitafuta. Neno ni lilelile.

Liko neno jingine ambalo limenifunza uchoraji kuliko mwalimu yeyote: nembo. Siku hizi tukisema nembo tunafikiria kampuni au serikali, lakini maana yake ya zamani ni chale za kabila, na Wamakonde wenyewe huziita dinembo. Ngozi ilichanjwa, kisha ikapakwa masizi, kidonda kilipopona ukabaki mstari mweusi wenye kivuli cha buluu, umeinuka kidogo. Kwa hiyo bibi alikuwa na nembo mbili, ya usoni na ile ya taifa kwenye kadi, na mimi nikajipa mamlaka ya kumchagulia moja.

Sasa tushike brashi. Kosa la kwanza la wanafunzi wangu wengi ni kuchora chale mapema, juu ya ngozi ambayo haijakamilika, kwa mstari ulionyooka kama wa rula. Chora uso wote kwanza kana kwamba chale hazipo: mfupa wa shavu, bonde la chini ya jicho, makunyanzi. Subiri ukauke. Kisha pitisha mistari kwa brashi nyembamba ikifuata umbo la shavu, ipande na kushuka nalo. Kwa mtu mzima wa miaka sabini, makunyanzi hukatiza chale, na penye mkunjo mstari hujificha. Ukiiacha ionekane yote, umechora karatasi iliyobandikwa usoni.

Nyeusi ya kwenye tyubu iache nyumbani. Ngozi nyeusi ina joto, na ile nyeusi ya kiwandani huizima iwe kama mkaa. Changanya kahawia iliyokolea na buluu nzito, ongeza wekundu kidogo masikioni na kwenye vidole, na pale kwenye paji ambapo mwanga wa anga unagonga, usiogope buluu hafifu. Mwanga bora wa Pwani ni wa mlangoni, kabla ya saa nne asubuhi, ukija kutoka ubavuni. Huo ndio unaofanya chale zilizoinuka zitupe kivuli. Saa sita jua la utosini hufuta kila kitu, na isitoshe unamtesa mzee wa watu.

Vifaa siviongelei sana. Anza na amerikani nzito iliyopakwa rangi nyeupe ya maji mara mbili, inatosha. Ila masika usiache turubai limeegemea ukuta wa udongo, koga italila kwa nyuma na hutajua mpaka umelifungua mbele ya mnunuzi. Imenikuta.

Kuhusu simu nina ukali kidogo. Vijana mnafika kijijini, dakika ya tano mmeshapiga picha arobaini, jioni zipo mtandaoni na jina la kijiji juu yake. Fikiria huyo unayempiga. Maisha yake yote akitazamwa usoni kwa makini, anayemtazama ni askari au karani: umetoka wapi, baba yako nani, nani shahidi wako. Ukifika na kamera na daftari la maswali, umekuwa karani mwingine. Mimi siku ya kwanza sichori. Napiga shikamoo, nakaa nilipokaribishwa, nakunywa chai. Siku ya pili naanza na penseli, na yeye anatazama mkono wangu kama mimi ninavyotazama uso wake. Yule ambaye karatasi zake bado hazijakamilika simtaji jina wala mahali, hata akiniruhusu leo, kwa sababu picha inaishi kuliko ruhusa.

Na lipa. Mvuvi wa Kipemba akikukalia asubuhi nzima amekosa uvuvi wa siku hiyo. Kubalianeni bei kabla ya kuanza.

Ziko mila usizopaswa kuzimaliza kwa brashi. Mtwara, upande wa Tanzania, niliwahi kuona ngoma ya mapiko. Mchezaji huvaa kinyago kinachofunika kichwa kizima, mwili umefungwa nguo, na wanawake pamoja na wasiopita jando hawatakiwi kujua ni nani aliye ndani. Nikachora kwa uaminifu kila nilichoona, mpaka kovu la kwenye kifundo cha mguu uliochomoza chini ya nguo. Mzee mmoja akaja nyuma yangu, akaweka kidole kwenye lile kovu, akasema, "Huyu umemvua nguo." Nililipaka rangi papo hapo. Tena kinyago chenyewe kilikuwa na uso, nywele na chale zilezile za dinembo. Wachongaji wa Kimakonde walikuwa wakifanya kazi hii ya sura kabla yetu, na kinyago kimoja kinaweza kukufundisha mengi kuhusu mashavu kuliko wiki nzima ya video.

Msichore machozi. Najua picha ya mzee mwenye macho mekundu hununuliwa haraka, hasa na wageni. Lakini bibi yule alikuwa mcheshi, mgomvi wa bei sokoni, na siku zote mbili alizonikalia alikuwa akinisimulia ubaya wa mkwe wake.

Nilimchora upya, na kipande chake kifuani. Namba nilizifanya zisisomeke, na wewe ufanye hivyo kila utakapochora karatasi ya mtu, maana matapeli nao hutazama picha. Aliipokea, akaisogeza karibu na jicho, akalalamika kwamba nimemwandikia ukungu. Nikamweleza. Akakubali, ila tarehe ya kuzaliwa akataka nimwachie. Nikachukua brashi ndogo kuliko zote na kuuliza ni tarehe ngapi.

"Mosi Januari," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. "Tuliozaliwa mosi Januari kijiji hiki tuko wengi."