Neno "Udhanifu" na Namna ya Kulisoma

Wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiswahili hukutana na neno udhanifu katika mada ya chimbuko la fasihi. Huko huelezwa kwamba mtazamo wa kidhanifu hudai fasihi imetoka kwa Mungu, na kwamba mtazamo wa kiyakinifu huitafuta katika kazi na maisha ya wanadamu. Nimeifundisha mada hiyo kwa muda mrefu, na ushauri wangu kwa wanafunzi, na pia kwa walimu wenzangu, ni kwamba maelezo hayo yasichukuliwe kuwa ndiyo maana yote ya neno. Kila ninapokutana nalo, huanza kwa kuuliza ni nani analitumia, na analitumia dhidi ya nini.

Swali hilo linatokana na historia ya neno lenyewe. Udhanifu ni tafsiri ya neno (kwa Kiingereza, idealism) ambalo lugha za Ulaya zimeliunda kutokana na neno la Kigiriki idea, lenye mzizi mmoja na kitenzi cha kuona, ambalo hapo awali lilimaanisha sura au umbo la kitu kama linavyoonekana. Mwanafalsafa Mgiriki Plato, katika karne ya 4 K.K., alilitumia neno idea kutaja kile kinachofahamika kwa akili tu: matendo ya haki ni mengi na hupita, lakini Haki yenyewe ni moja na haibadiliki. Hata hivyo, yeye hakujiita mdhanifu. Mwaka 1702 mwanafalsafa Mjerumani Leibniz, akimjibu mwanafalsafa Mfaransa Pierre Bayle, ndiye aliyemweka Plato upande wa wadhanifu, wanaotanguliza fikra, na Mgiriki mwingine, Epicurus, upande wa wayakinifu, wanaotanguliza maada, yaani vitu vyenyewe vinavyoonekana na kushikika, na tangu hapo neno hili limeendelea kuhitaji mpinzani wa kulipa maana.

Tena, mara nyingi lilikuwa jina la kubandikwa na wengine. Mwanafalsafa wa Ireland George Berkeley, aliyefundisha mwaka 1710 kwamba kuwepo kwa vitu ni kule kutambuliwa kwavyo na nafsi, anatajwa leo kama kielelezo cha mdhanifu, ingawa hoja aliyoipigania yeye ilikuwa kwamba maada haipo. Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant aliuita msimamo wake udhanifu wa aina ya pekee katika kitabu chake cha mwaka 1781; mhakiki mmoja alipomfananisha na Berkeley mwaka uliofuata, Kant alikasirika, akajibu kwa kitabu kingine mwaka 1783, na katika toleo la pili la mwaka 1787 akaongeza sehemu nzima ya kuukanusha udhanifu.

Ule mgawanyo wa kambi mbili tunaoukuta katika madaftari yetu unafanana sana na ule alioueleza Friedrich Engels, mwenzake Karl Marx, mwaka 1886, kwamba wanafalsafa hutofautiana kwa jinsi wanavyojibu ni kipi kilichotangulia, fikra au maada. Una manufaa yake, lakini huwaweka pamoja watu ambao wenyewe wasingekubali kukaa meza moja.

Hapo ndipo ninapowasihi wanafunzi wawe waangalifu zaidi kuhusu Plato. Katika mazungumzo yake mafupi yaitwayo Ion, Sokrate, mwalimu wa Plato, anamweleza mghani wa mashairi ya Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, kwamba mungu wa sanaa humvuta mshairi, mshairi humvuta mghani, naye mghani huwavuta wasikilizaji, kama pete za chuma zinavyoning'inia kwenye sumaku. Hayo ndiyo yanayokaribia dai la fasihi kutoka mbinguni, lakini mafundisho ya maumbo ya kudumu, kama ile Haki yenyewe isiyobadilika, hayajengwi humo. Katika kitabu cha kumi cha Jamhuri, ambamo maumbo hayo yanatumika, sanaa inashushwa badala ya kupandishwa: seremala huiga umbo la kitanda, mchoraji huiga kitanda cha seremala, na mshairi naye huwekwa hapo alipo mchoraji, mbali na ukweli. Kwa hiyo anayeandika kwamba Plato aliiona fasihi kuwa zawadi ya Mungu kwa sababu alikuwa mdhanifu ameunganisha hoja mbili ambazo Plato mwenyewe hakuziunganisha hivyo.

Matumizi ya kila siku, ya kumwita mdhanifu mtu mwenye matumaini makubwa kuhusu jamii, ni suala jingine. Mtu wa namna hiyo anaweza kuwa myakinifu kamili katika falsafa. Katika insha, taja kwanza ni udhanifu upi unaouzungumzia na unapingana na nini, kisha ndipo umtaje mwanafalsafa, pamoja na kitabu unachokitegemea.