Kabla Hujafukia Kipande cha Kwanza cha Povu

Kipande changu cha kwanza cha plastiki ya povu inayooza nilikifukia udongoni kikiwa na gramu mbili hivi, nione kitaoza kiasi gani. Baada ya wiki nane nikakifukua, nikakikausha, nikakiweka kwenye mizani: kimeongezeka uzito! Nikapima tena, na tena, nikaanza kuilaumu mizani. Haikuwa na kosa. Povu ni vifuko vya hewa vilivyobanana, na vile vya juu vikishapasuka, chembe za udongo na nyuzi za kuvu huingia humo zikaweka makazi. Ukiosha taratibu hazitoki, na ukiosha kwa nguvu unavunja kile kile ulichotaka kukipima.

Kwa hiyo, wewe unayeanza kazi ya kufukia plastiki ya povu inayooza, jifunze kuchoma. Kipande kikishakauka na kupimwa, kitie kwenye tanuru la maabara kwa nyuzi 550 za Selsiasi, kisha pima majivu. Polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli inayounda plastiki, itaungua yote, madini yatabaki. Choma pia kipande ambacho hakijafukiwa, kwa sababu watengenezaji wengi huchanganya unga wa talki ili vifuko vitokee vingi na vidogo, na talki haiungui. Choma na udongo wenyewe, maana nao una mboji inayoungua. Ukiwa na majivu ya vyote vitatu, utajua ni kiasi gani cha udongo kilikuwa kimejificha ndani ya kipande.

Hata hapo bado una nusu ya habari. Uzito unakuambia kilichoondoka, haukuambii kimekwenda wapi. Povu humeguka, makombo yakapenya matundu ya mfuko wa wavu unaofukia kipande ndani yake, nawe ukaandika kwamba sehemu kubwa imeoza, kumbe imelala sentimita mbili pembeni.

Ushahidi wa kuoza ni hewa ukaa. Vijidudu vikila kaboni ya polima, sehemu huijengea miili yao na sehemu huitoa kama pumzi. Ndiyo maana usitegemee kaboni yote, mia kwa mia, itoke kama hewa ukaa. Weka udongo na sampuli kwenye chupa inayofungwa vizuri, ndani yake weka kikombe cha sodiamu haidroksaidi kinachonasa hewa hiyo, kisha pima kwa asidi ni kiasi gani cha haidroksaidi kimebaki. Piga hesabu kabla ya kuanza. Povu hizi nyingine ni za wanga, na gramu 1 ya wanga ina kaboni gramu 0.44, kwa hiyo haiwezi kutoa zaidi ya gramu 1.63 za hewa ukaa. Nyingine ni za PLA, plastiki inayotengenezwa kwa asidi ya laktiki; gramu 1 yake ina kaboni gramu 0.5, na kikomo chake ni gramu 1.83. Usipojua kikomo, utaweka haidroksaidi kidogo, itajaa siku za mwanzo, na hewa inayofuata hutaiona kamwe. Povu la wanga hasa lina pupa: wiki ya kwanza liangalie mara kwa mara, na kila unapofungua chupa iache ipate oksijeni mpya.

Chupa za udongo mtupu na chupa za selulosi (nyuzi za mimea zinazojulikana kuoza) si pambo. Za udongo mtupu zinakupa pumzi ya udongo wenyewe ili uitoe kwenye hesabu, na za selulosi zinathibitisha kwamba vijidudu vyako vipo hai. Ukipata jibu linalozidi asilimia 100 ya kikomo, usishangilie. Mara nyingi chakula kipya kimeamsha vijidudu, navyo vikageukia mboji ya zamani iliyokuwa imetulia.

Sasa, kosa ninaloliona zaidi ya yote ni la michanganyiko. Povu la wanga na PLA hupanda haraka kwenye grafu ya hewa ukaa, halafu linatulia. Mgeni anaona mstari umelala, anafunga jaribio na kuandika kwamba povu limeoza. Kilichokwisha ni wanga. PLA hungoja maji yakate minyororo yake kwanza, ndipo vijidudu vipate vipande vidogo vya kula, na kazi hiyo ya maji hutaka joto. PLA hulainika karibu na nyuzi 60. Katika mboji ya kiwandani ya nyuzi 58 mambo huenda mbio, lakini katika udongo wa nyuzi 25 inaweza kukaa miaka. Kiwango cha Ulaya cha vifungashio vinavyooza, EN 13432, kinachodai kuoza kwa asilimia 90 ndani ya miezi 6, ni cha mboji ya namna hiyo. Usikitumie kuusemea udongo. Jamaa ya PHB, plastiki ambayo bakteria wenyewe huitengeneza, ni tofauti: bakteria na kuvu wengi wa udongoni wana vimeng'enya vya kuikata moja kwa moja juu ya uso wake, na hapo ndipo kuta nyembamba za povu zinaposaidia kweli.

Kuhusu kusaga: watakuambia usage sampuli ili ichanganyike vizuri. Ni sawa kama unaiuliza polima. Kama unaliuliza povu, umeshaharibu swali, kwa sababu vifuko ndivyo vinavyoamua maji yaingie wapi na kuvu ishike wapi.

Unyevu uwe asilimia 40 hadi 60 ya maji ambayo udongo wako unaweza kushika. Ukizidisha, oksijeni inakosa njia. Na ushindilie udongo kidogo kuzunguka kipande, kwani povu jepesi huacha nafasi tupu pembeni na vijidudu havirukii hewani.

Mwisho, hesabu vipande. Kilichofukuliwa hakirudishwi. Kwa vipindi 6 vya kufukua na marudio 5 kila kipindi unahitaji 30, nami huongeza 5 vya akiba, maana kuna vitakavyosagika mkononi ukivitoa.