Maswali ya Wasomaji: Sura ya Gari, Programu ya Gari na Kifurushi cha Kila Mwezi

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa pembejeo hapa Uyole, Mbeya, na kwa miaka kumi na moja nimeendesha Toyota Premio niliyoiagiza Japani. Sasa nimedunduliza fedha na ninataka kuagiza gari la Kijerumani la mwaka 2021 au 2022 lililotumika Uingereza. Zamani nililitambua toleo jipya kwa kuangalia taa, bampa na shoo ya mbele. Mpwa wangu, fundi umeme wa magari pale Mwanjelwa, ananiambia kwamba siku hizi gari hubaki na sura ileile na kubadilishwa kwa intaneti, na eti hata kipasha joto cha siti hulipiwa kila mwezi kama king'amuzi. Je, ni kweli? Na mimi nitakayekuwa mmiliki wa pili, nitapata nini katika hayo? (Msomaji, Uyole)

JIBU: Ndugu msomaji, mpwa wako amesema kweli kwa sehemu kubwa, ingawa ametia chumvi mahali pamoja.

Kwa desturi, toleo moja la gari hudumu sokoni miaka sita hadi minane hivi, na katikati ya muda huo kiwanda hulipiga msasa ili lisichakae machoni pa wanunuzi. Hakigusi milango wala paa, kwa sababu kalibu za kukandamizia bati ni ghali mno. Hubadilisha vitu vya plastiki, yaani bampa, taa na shoo, vilevile ulivyozoea kuvitazama wewe. Kampuni ya magari ya umeme ya Tesla ndiyo iliyoonyesha njia nyingine, kwani tangu gari lake la Model S lilipoingia sokoni mwaka 2012 limekuwa likipokea programu mpya kwa intaneti likiwa limeegeshwa nyumbani kwa mwenyewe. Mwaka 2018 jarida la Marekani la Consumer Reports lilipima breki za gari jingine la Tesla, Model 3, na kukuta kwamba, kutoka mwendo wa kilomita 97 kwa saa, gari lilihitaji mita 46 hivi kusimama. Baada ya siku chache kampuni ilituma programu, gari lilelile likapimwa tena na kusimama kwa mita 40 na ushee, bila fundi yeyote kufungua tairi. Anayeshuka Kitonga nyuma ya lori la shaba anajua thamani ya mita sita.

Hata hivyo, sura mpya hazijafa. Model S yenyewe ilibadilishwa pua mwaka 2016, na Model 3, iliyotoka mwaka 2017, ilipata sura mpya mwaka 2023. Kilichotokea ni kwamba muda baina ya sura moja na nyingine unaweza kurefuka, kwa kuwa programu hulifanya gari lionekane jipya kwa gharama ndogo kuliko kalibu. Hapo ndipo mpwa wako alipozidisha.

Kuhusu siti, amepatia. Mwaka 2022 BMW iliorodhesha kipasha joto cha siti katika nchi kadhaa kwa malipo ya mwezi, na Uingereza bei ilikuwa pauni 15. Nyaya zilikuwa tayari ndani ya siti, maana kwa kiwanda ni nafuu kutengeneza siti za aina moja kuliko aina mbili, na kilichouzwa ni ruhusa tu ya kuwasha. Wateja walipiga kelele, na mwaka 2023 kampuni ikaachana na mpango huo wa siti. (Ninakiri kwamba asubuhi ya Juni kule Makete, umande unapoganda juu ya majani, wapo ambao wangelipa bila kinyongo.) Mwaka huohuo wa 2022 Mercedes-Benz ilitangaza Marekani malipo ya dola 1,200 kwa mwaka ili magari yake ya umeme ya EQE na EQS yachomoke kwa kasi zaidi, na mwaka 2025 Volkswagen iliweka gari lake la umeme la ID.3 sokoni Uingereza likiwa na nguvu iliyofungwa, ambayo mteja huifungua kwa pauni 16.50 kila mwezi au pauni 649 mara moja. Kwa maoni yangu, kulipia ramani au muziki unaotumwa kila siku ni jambo la haki, kwa kuwa kuna anayeendelea kufanya kazi. Lakini kulipia kila mwezi waya ambao umekwisha kuununua, na ambao uzito wake unaubeba kwa mafuta au umeme wako, ni jambo lingine kabisa.

Sasa tuje kwako, maana ninyi mnaoagiza magari yaliyotumika ndio ambao viwanda haviwafikirii sana. Bampa mpya husafiri na gari hadi Dar es Salaam na kupanda nalo mpaka Uyole, lakini kifurushi hakisafiri hivyo, kwa sababu kimefungwa kwenye akaunti ya mtu, kwenye nchi alimonunulia na kwenye laini ya simu iliyomo ndani ya gari, ambayo huenda isiwe na mtandao wa kuitambua hapa kwetu. Wewe mwenyewe umeshaonja jambo hili kwa udogo wake: redio nyingi za magari ya Japani huishia FM 90 au 95, ndiyo maana tukanunua vifaa vya kuongeza masafa, na nyingine huandika Kijapani zikidai kadi ya ramani ambayo haipo. Jambo hilo likiwa kwenye redio ni kero. Likiwa kwenye nguvu ya injini ni hasara. Mapema mwaka 2020 iliripotiwa Marekani kwamba mtu aliyenunua Model S iliyotumika kutoka kwa muuzaji wa magari alikuta uwezo wa kujiendesha uliotajwa wakati wa kuuziwa umeondolewa kwa mbali na Tesla, na ulirudishwa baada ya habari hiyo kuvuma.

Kwa hiyo, kabla ya kutuma fedha, mtake muuzaji aeleze kwa maandishi ni vitu gani vilinunuliwa moja kwa moja pamoja na gari na ni vipi vililipiwa kwa muda, kwa kuwa picha ya kitufe haithibitishi kwamba kitufe kinafanya kazi. Mtake pia amwondoe mmiliki wa kwanza katika akaunti ya gari, vinginevyo mtu aliyeko Leeds anaweza kuendelea kuona mahali lilipo. Muhimu zaidi, hesabu bei kana kwamba vifurushi vyote vimekufa: kama gari bado linakuridhisha kwa injini, springi na nafasi ya mizigo, liagize. Mpwa wako na mashine yake ya kupimia anaweza kusoma hitilafu na kuizima taa ya injini, lakini kufuli la kiwanda kwa kawaida hufunguliwa na kiwanda, na sikushauri umkubali fundi anayeahidi kulivunja, kwa sababu akiharibu kompyuta ya gari, kuipata nyingine hapa Mbeya si kazi ya siku moja.

SWALI: Ninaendesha gari la mwaka 2006. Je, gari linaweza kuzimika barabarani kwa sababu ya kupokea programu mpya? (Msomaji, Mafinga)

JIBU: Kupakua kunaweza kufanyika likiwa linatembea, lakini programu inayogusa uendeshaji huwekwa gari likiwa limeegeshwa, betri ikiwa na chaji ya kutosha. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 156, iliyoanza kutumika Januari 2021, inavitaka viwanda vihakikishe gari linabaki salama hata pale kazi hiyo inapokatika katikati. Gari lako la mwaka 2006 halihusiki na haya. Likizima Nyololo, kagua pampu ya mafuta.